Rekodi za Magari ya Umeme Yanayoundwa kwa Mapenzi

Ihumwa, Dodoma, sasa inapitiwa na treni ya umeme inayokimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Abiria walianza kusafiri nayo kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024. Anayependa kung'oa injini ya gari kuukuu uani kwake na kufunga mota, hata hivyo, ana mashujaa wengine.

Mkongwe wao ni Camille Jenatzy wa Ubelgiji. Mwaka 1899, karibu na Paris, alikuwa mtu wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa garini, na gari hilo lilikuwa la umeme. Petroli ilikuja kumpita baadaye.

Kwetu Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kilitangulia Novemba 2011 kwa Kiira EV, gari la watu wawili. Machi 2022 mchora katuni Masoud Kipanya akazindua lake Dar es Salaam. Hilo nalipenda kuliko yote, maana aliyezoeleka kwa kalamu aliingia kwenye vyuma na nyaya.

Kwa mbio fupi, Mwingereza Jonny Smith alichukua Enfield 8000, kigari cha umeme cha miaka ya 1970 chenye nguvu za farasi 8, akakifunga mota na betri za kisasa. Mwaka 2016 kilimaliza robo maili chini ya sekunde 10. Wanafunzi wa Zurich nao, Septemba 2023, walitoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 0.956.

Rekodi ya kuisoma taratibu ni ya wanafunzi wa Munich, mwaka 2023: kilomita 2,573 kwa chaji moja, karibu sawa na kwenda Dar kutoka Ihumwa na kurudi mara tatu. Betri yao ilibeba uniti 15.5, uniti hizi hizi za LUKU. Walizungukia ndani ya banda la ndege, bila upepo wala mlima, kwa wastani wa kilomita 26 kwa saa, hivyo barabara ya Morogoro isingewapa umbali huo. Ila gari zima lilikuwa na kilo 170 tu, na hapo ndipo fundi wa nyumbani aangalie: apunguze uzito kwanza, kwani kila betri anayoongeza ni mzigo mwingine wa kubeba.

Na si magari tu: mwaka 2024 pikipiki ya umeme ya kampuni ya Roam, inayoundwa Nairobi, ilikatiza Tanzania hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, kilomita zipatazo 6,000, ikichajiwa kwa umeme wa jua.