Akili Unde na Sauti za Waimbaji (2): Kuimba ni Kwa Nani?

Juma lililopita tulieleza namna programu inavyofunzwa sauti ya mtu kwa kulishwa rekodi zake. Leo nachukua nyimbo mbili ambazo watu huzitia kapu moja, ilhali kilichofanyika ndani yake ni tofauti kabisa.

Wa kwanza ni "Now and Then" wa kundi la Beatles, uliotoka Novemba 2023. John Lennon aliurekodi nyumbani kwake New York, kwenye kaseti, mwishoni mwa miaka ya 1970, akiimba huku anapiga piano. Mwaka 1995 wenzake watatu walijaribu kuukamilisha wakashindwa: piano ilimfunika mwimbaji, na mkanda ulikuwa na mvumo. Baadaye mafundi wa mwongozaji filamu Peter Jackson wakatengeneza programu ya kutenganisha sauti zilizorekodiwa pamoja, kama mtu achambuavyo chuya kwenye mchele. Anayesikika pale ni Lennon mwenyewe. Mashine haikumwongezea hata neno.

Wa pili ni wa Randy Travis, mwimbaji wa muziki wa country wa Marekani. Kiharusi kilimpata mwaka 2013, kikamnyang'anya usemi pamoja na uimbaji. Mei 2024 ukatoka wimbo mpya kwa jina lake, "Where That Came From", naye ameridhia. Wengi walidhani kompyuta ndiyo iliyoimba. Sivyo. Aliyeingia studio ni mwimbaji mwingine, James Dupré. Kisha programu iliyofunzwa kwa rekodi 42 za zamani za Travis ikaigeuza sauti ya Dupré iwe ya Travis, na prodyuza Kyle Lehning akakaa kuinyoosha.

Hapa naomba msomaji atulie. Mahali pa kuvuta pumzi, neno la kukazia na neno la kulegeza, uchungu uliomo: hivyo kwa sehemu kubwa vilitoka kifuani mwa Dupré. Mashine ilibadilisha umbo la sauti tu. Kwa hiyo, pamoja na ridhaa ya mwenye sauti, ambayo kila mtu anaizungumzia, liko deni la pili: kumtaja aliyeimba. Dupré alitajwa hadharani. Naona hilo lingepaswa kuwa sharti, lisiachiwe hisani ya prodyuza.

Na sisi je? Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Kuiondolea sauti yake mikwaruzo kwa njia ya akina Jackson ni kazi ya heshima, na ningetamani ifanywe. Kumwimbisha asichokiimba ni jambo jingine. Travis aliweza kuulizwa. Siti alifariki mwaka 1950, na sioni nani mwenye haki ya kujibu kwa niaba yake.

Juma lijalo tutaingia kwenye sheria: ile ya jimbo la Tennessee, Marekani, ya Machi 2024, iliyoitaja sauti ya mtu waziwazi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999.