Kujiandaa kwa Mtihani wa Hesabu

Leo nataka kunena nanyi juu ya jambo linalowatia hofu vijana wengi, nalo ni mtihani wa hesabu wa Kidato cha Nne. Ninyi mkaao Kahororo, kando ya mji wa Bukoba, mwawaona wanafunzi wa sekondari wakipita na vitabu vyao. Yafaa mjue ni mzigo gani waliouchukua.

Mwaka 2022, katika Tanzania, waliofaulu hesabu katika mtihani huo walikuwa kadiri ya mmoja katika kila watano. Je, wale wanne waliobaki ni wajinga? Sivyo. Wengi wao huuza sokoni na kurudisha chenji bila kukosea. Basi yatupasa tutafute sababu.

Sababu ya kwanza ni kushika kanuni kwa kinywa bila kujua maana yake. Kila mtoto wa shule ya msingi ajua neno MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno hili lasaidia sana. Mwulize mwanafunzi 24 − 12 ÷ 3 × 2. Asiyejua kanuni huanza kutoa, akapata 8. Ajuaye hugawanya kwanza, apate 4, azidishe kwa 2, apate 8, kisha atoe 8 katika 24. Jibu ni 16.

Lakini mwulize tena 10 − 4 + 3. Aliyeshika neno tu husema, "Kujumlisha hutangulia kutoa," akajumlisha 4 na 3, akapata 7, na jibu lake likawa 3. Amekosa. Ukiwa na shilingi 10, ukatumia 4, kisha ukapewa 3, je, una shilingi 3? Unazo 9. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa daraja moja. Hufanywa kwa kufuata mstari toka kushoto. Kadhalika kuzidisha na kugawanya.

Tazameni na mfano wa kahawa. Kilo moja yauzwa shilingi 4,000. Bei ikapanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20. Wengi hujibu kwamba imerudi palepale. Sivyo. Ilipopanda ilifika 4,800. Iliposhuka, asilimia 20 ilikuwa ya 4,800, yaani 960, basi ikabaki 3,840. Kila mara uonapo asilimia, jiulize kwanza, "Asilimia ya nini?"

Sababu ya pili ni lugha. Katika shule za msingi za serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili. Afikapo sekondari, hesabu ileile humjia kwa Kiingereza. Mara nyingi hashindwi na hesabu, ila hakufahamu ameulizwa nini. Dawa yake ni daftari dogo lenye safu mbili: upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili, pamoja na mchoro au mfano mfupi.

Sababu ya tatu ni kuchelewa. Hesabu haimezwi usiku mmoja. Nusu saa kila siku, kwa miezi mingi, yapita saa kumi za mfululizo katika juma la mwisho. Tena tusijitumainie siku za mwisho, kwa maana hatujui zitaleta nini. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipiga Bukoba, watu wakafa, nyumba na madarasa yakabomoka, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa muda. Mtihani wa Kidato cha Nne ulifanywa Novemba mwaka uleule. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa, njia ya kujizoeza ni hii. Twaa karatasi ya mtihani uliopita, uifanye bila kutazama majibu. Kosa ulilolifanya liandike katika daftari la makosa, pamoja na sababu yake: hukusoma vizuri, au hukujua kanuni, au ulikosea kuzidisha. Baada ya siku tatu, fanya swali lile tena bila msaada. Baraza la Mitihani hutoa pia taarifa za jinsi watahiniwa walivyojibu. Mwalimu na azitafute, awasomee wanafunzi.

Katika chumba cha mtihani, gawanya saa zako. Katika muundo uliotumika mwaka 2022, karatasi ilikuwa ya saa tatu: maswali 10 ya alama 6, na maswali 4 ya alama 10. Ukiyapa yale ya kwanza dakika 10 kila moja, na yale ya pili dakika 17, utakuwa umetumia dakika 168. Zimebaki 12 za kusahihisha. Swali likikushinda, liache, urudi baadaye. Tena andika kila hatua, maana njia nayo ina alama zake, hata kama jibu la mwisho limepotoka.

Nanyi wazazi, msiseme, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Mpeni mtoto taa na nafasi, na binti asichelewe kushika daftari kwa sababu ya maji na kuni, huku kaka yake ameketi. Jioni mwambieni, "Hebu nieleze ulichojifunza leo." Akiweza kukueleza hata ukafahamu, amekijua kweli. Akikwama, amekwisha pajua pa kuanzia kesho.