Mtoto Afundishwe Kuanzia Pale Alipo

Wananchi wanapokusanyika kusifu maendeleo ya elimu, agh­alabu hutajiwa hesabu ya madarasa, madawati na vitabu. Vitu hivyo ni haki ya watoto wetu, wala hatuna nia ya kuvidharau. Lakini liko swali ambalo katika sherehe za kufungua majengo ni nadra kusikika: Je, mtoto aliyekaa juu ya dawati lile anajua kusoma?

Wataalamu wamelichunguza swali hili, na yafaa majibu yao yajulikane na kila mfanyakazi ambaye jasho lake ndilo linalosomesha. Katika miaka ya 1990 Michael Kremer na wenzake walichunguza shule za Kenya ya magharibi. Baadhi ya shule zilipewa vitabu vya kiada, kisha zikalinganishwa na zile ambazo zilikuwa hazijapewa. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa mbele tangu mwanzo, kwani vitabu vile viliandikwa kwa Kiingereza, na wengi hawakuweza kuvisoma.

Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2013 na 2014, lilifanywa jaribio katika shule za msingi za wilaya 10. Baadhi ya shule zilipewa fedha za matumizi tu. Katika nyingine walimu waliahidiwa tuzo kwa kila mtoto atakayefaulu. Na nyingine zilipata yote mawili. Fedha peke yake hazikuongeza ujuzi wa watoto. Shule zilizopata yote mawili ndizo zilizoonyesha maendeleo ya wazi. Jembe bila mkulima halilimi, na mkulima bila jembe hafiki mbali.

Basi njia gani ifuatwe? Huko India chama cha Pratham, kilichoanzishwa mwaka 1995, kilianza kwa jambo jepesi. Kila mtoto husomeshwa herufi, neno, aya na hadithi fupi, ili ijulikane uwezo wake unakomea wapi. Kisha, kwa sehemu ya siku, watoto hupangwa kwa kadiri ya ujuzi wao, si kwa umri wala darasa, na anayesonga mbele huhamishwa. Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao waliipima njia hiyo, wakaona kwamba watoto waliokuwa wameachwa nyuma walijifunza kusoma. Wawili hao pamoja na Kremer walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Wako watakaosema kwamba kuwagawa watoto ni kuwaaibisha. Sisi twasema aibu iliyo kubwa zaidi ni kumkalisha mtoto miaka mingi akisikiliza asiyoyaelewa. Tena, katika majaribio yaliyoanza Kenya mwaka 2005, ambako wanafunzi wa darasa la kwanza waligawanywa kwa alama zao, walinufaika wa juu na wa chini pia.

Wala hatusemi mwalimu atwishwe mzigo wote. Mwalimu mwenye watoto 80 mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja asipopewa msaada, mafunzo na nafasi. Hilo ni deni letu sote.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi. Kumwingiza mtoto darasani ni nusu ya kazi hiyo. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba anajifunza. Kwa hiyo twawaomba wanachama walio katika kamati za shule, kila muhula, baada ya kuuliza habari za mabati na saruji, waulize pia: watoto wangapi wa darasa la tatu wanaweza kusoma hadithi fupi na kuieleza? Na mzazi atokapo kazini jioni, ampe mwanawe gazeti hili, amwambie asome kwa sauti. Akishindwa, asimpige wala asimtukane. Aende shuleni akashauriane na mwalimu.