Kuuza, Kuuzisha na Ukumbusho: Kununua Kazi za Mikono Mjini Lubumbashi

Utangulizi

Msafiri afikaye Lubumbashi na kutaka kurudi kwao na kitu cha huko hukutana, kabla ya bei na kabla ya bidhaa yenyewe, na tatizo la neno. Tuseme ametoka Dar es Salaam au Mombasa. Anamwendea fundi aliyepanga mezani mikufu, mayai na visanduku vya malakiti, anamsalimu, kisha anamwuliza: "Unauza?" Fundi anashangaa kidogo, anajibu: "Hapana, miye nauzisha." Wote wawili wanasema Kiswahili, na kila mmoja amesema sawasawa kwa kadiri ya Kiswahili cha kwao. Lakini mmoja amesikia swali ambalo mwenzake hakuliuliza.

Makala haya yanaeleza maneno mawili, kuuzisha na ukumbusho, pamoja na vitu vitatu ambavyo wageni huvitafuta katika mji huo: malakiti, msalaba wa shaba na picha ya rangi. Kusudi lake ni kuonyesha kwamba maneno hayo si pambo la mazungumzo ya sokoni tu. Yanamfundisha mnunuzi nini cha kuuliza kabla hajatoa fedha.

1. Nani anauza, nani anauzisha

Katika Kiswahili bora, kununua ni kutoa fedha na kupata kitu. Kuuza ni kutoa kitu na kupata fedha. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, kuuza ni kununua, na atoaye kitu kwa fedha anauzisha. Wako wanaodhani kwamba hilo ni kosa la watu wasiokwenda shule. Dhana hiyo haina msingi. Kibemba, ambacho kimechangia sana Kiswahili cha mji huo, kina ukushita kwa maana ya kununua na ukushitisha kwa maana ya kuuza. Kinyarwanda nacho kina kugura na kugurisha. Katika lugha hizo zote mwenye bidhaa hutajwa kwa kitenzi cha kusababisha: yeye ndiye amfanyaye mwenziwe anunue.

Zaidi ya hayo, kitenzi -uza cha pwani nacho kilizaliwa kwa njia hiyo hiyo. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanakitoa katika mzizi wa kale uliomaanisha kununua, ndio ule uonekanao katika kugura cha Kinyarwanda. Mzizi huo ulipopata kiambishi cha kusababisha, konsonanti yake ya mwisho iligeuka kuwa z. Kwa muda mrefu usababishi huo umefichika, na msemaji wa leo hausikii tena. Watu wa bara walipokipokea kitenzi -uza walikiona kuwa shina lisilo na kiambishi, wakakipa maana ya kununua, kisha wakakiongezea -ish-. Hivyo lugha ilifanya kwa mara ya pili kazi ambayo ilikwisha kuifanya zamani.

Faida ya maelezo haya kwa msafiri ni ya papo hapo. Mjini Lubumbashi atakayesema "nataka kuuza" ataonyeshwa bidhaa. Mtu wa Lubumbashi akisema maneno hayo hayo katika soko la Kariakoo, ataulizwa amebeba nini. Aidha, neno kuuzisha linakumbusha jambo moja la haki: aliyemfanya mwenziwe anunue anapaswa kuweza kueleza kitu alichomfanya anunue. Mnunuzi ana ruhusa ya kuuliza, na fundi wa kweli hachukii kuulizwa.

2. Malakiti: ni jiwe kweli?

Malakiti ni madini ya shaba yenye rangi ya kijani na mistari ya mviringo, hafifu na iliyokolea, inayofuatana kama pete za ndani ya gogo. Hupatikana katika machimbo ya Katanga, hasa sehemu za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Likiwa safi, jiwe hilo lina shaba kiasi cha asilimia 57 ya uzito wake. Kwa sababu hiyo mchongaji analishindania jiwe na wanunuzi wa madini, ambao hawalitakii uzuri wake bali wanalipeleka kwenye tanuri. Kila yai la malakiti lililo mezani ni shaba iliyookolewa na moto, na bei yake haiwezi kuwa ya jiwe la kuokotwa njiani.

Kuna njia nyepesi za kulitambua. Malakiti ni zito kuliko ukubwa wake, na likishikwa huwa baridi kwa muda kabla ya kupata joto la mkono. Mistari yake hairudii umbo lile lile. Kitu cha plastiki ni chepesi, hupata joto upesi, na mara nyingi michirizi yake imenyooka mno au inajirudia. Viko pia vitu vilivyotengenezwa kwa vumbi na vipande vya malakiti vilivyogandishwa kwa gundi. Hivyo si uongo mtupu, lakini si jiwe zima, na bei yake isiwe ya jiwe zima.

Malakiti si gumu: ncha ya kisu hulikwaruza. Tena haliwezi kustahimili asidi; ndimu na siki huharibu mng'ao wake. Aliyelinunua alifute kwa kitambaa laini kilicholowa maji tu. Upande wa fundi, hatari ni kubwa zaidi, kwani vumbi la jiwe hilo hudhuru likivutwa puani. Ndiyo sababu kulikata na kulisugua hutakiwa kufanywa kwa maji mengi, ili vumbi lisiruke. Kwa hiyo anayesema "punguza kidogo" hana budi kujua anachopunguza. Kupatana bei ni desturi, na mwisho wake mara nyingi ni nyongeza ndogo, ile matabishi ijulikanayo kote Kongo. Lakini chini ya kiasi fulani, kinachopunguzwa si faida tena. Ni maji, ni kitambaa cha kufunika pua, ni siku ya kazi.

3. Msalaba wa shaba: ni wa lini?

Kitu cha pili ni msalaba wa shaba wenye mikono minne inayokaribia kulingana. Asiyejua hudhani ni alama ya Kikristo. Sivyo. Wahunzi wa kale wa eneo hilo waliyeyusha mawe ya shaba, malakiti yakiwemo, kwa makaa ya miti, wakamimina shaba katika kalibu za umbo hilo. Uchimbuzi wa mambo ya kale uliofanywa mwaka 1957 na 1958 huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, ulifukua makaburi mengi, na katika baadhi yake marehemu wamezikwa pamoja na misalaba hiyo. Misalaba midogo inayolingana kwa ukubwa inawafanya wataalamu waamini kwamba ilitumika kama fedha. Baadaye Katanga ilipojitenga, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, msalaba huo uliwekwa kwenye bendera yake na kwenye sarafu zake za mwaka 1961.

Misalaba inayowekwa mezani kwa ajili ya wageni kwa kawaida ni mipya, nayo ni kazi halali ya mikono. Ubaya huanza pale mpya unapopakwa uchakavu na kuitwa wa kale, au pale wa kale unapotolewa kaburini ili uuzishwe. Katika hali ya kwanza anayeibiwa ni mnunuzi. Katika hali ya pili wanaoibiwa ni wote, kwa kuwa msalaba uliong'olewa mahali pake hauwezi tena kueleza ulizikwa na nani, lini na pamoja na nini. Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 iliweka kanuni za kulinda mali za utamaduni nchini. Msafiri mwenye busara huuliza kwa uwazi, "Huu ni wa lini?", huridhika na mpya, na huomba risiti inayosema hivyo. Akiambiwa ni wa kale, na auache.

4. Picha: inamkumbusha nani, inakumbusha nini?

Picha za rangi za Lubumbashi zina historia mbili. Ya kwanza ni ya karakana iliyoanzishwa mwaka 1946 na Pierre Romain-Desfossés, walikotokea wachoraji kama Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela. Kazi zao za ndege, samaki na wanyama zilipendwa hasa na wageni. Ya pili ni ya wachoraji wa mitaani, waliochora mara nyingi juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Miaka ya 1970 wateja wao walikuwa wenyeji wenyewe, wafanyakazi na watumishi waliotaka kupamba ukuta wa sebule. Huko zilitundikwa picha za Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, za Lumumba, na ile iitwayo Colonie Belge, ionyeshayo mfungwa akichapwa viboko mbele ya mzungu.

Picha za namna hiyo zilikuwa na jina lake kwa Kiswahili: ukumbusho. Mfaransa anaposema souvenir, anafikiri juu ya kitu kitakachomrudishia yeye safari yake. Ukumbusho wa Lubumbashi ulikuwa na kazi nyingine. Neno linatokana na kukumbusha, nacho ni kitenzi cha kusababisha, kama kuuzisha. Picha ilimfanya aitazamaye akumbuke, nayo ilizusha mazungumzo: baba alimweleza mtoto, jirani alisahihisha, mgeni aliuliza. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia ya nchi kwa picha zaidi ya mia moja, akizieleza moja moja kwa Kiswahili mbele ya Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mazungumzo hayo yalitolewa katika kitabu mwaka 1996.

Mishahara ilipodhoofika, wenyeji waliacha kununua, na wachoraji wakabaki kuwategemea wageni. Picha za Tshibumba zenyewe zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Amsterdam. Ni vema kwamba hazikupotea. Lakini ukumbusho umeingia katika makumbusho ya mbali, na ukuta ulioyaanzisha mazungumzo umebaki mtupu.

Hitimisho

Haifuati kwamba mgeni asinunue. Pasipo mnunuzi fundi ataacha nyundo na brashi, na ujuzi wake hautarithiwa. Kinachofuata ni kwamba mnunuzi achukue kitu pamoja na maneno yake. Aulize jina la fundi na aliandike nyuma ya picha au ndani ya kisanduku. Aulize jiwe limetoka wapi, msalaba umeyeyushwa lini, picha inasimulia nini. Kwa watu wa chuo kikuu, wanafunzi kwa walimu, wajibu ni mkubwa zaidi, kwa kuwa maelezo hayo yote husemwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili ambacho kamusi nyingi hazijakiandika. Fundi amekwisha kuuzisha kitu chake. Asipopata wa kumwuliza, hatakumbusha neno.