Hayupo au Haikusomeka? Istilahi katika Usomaji Salama wa Rekodi za Akaunti

Katika mifumo ya jamii ya Unix, faili la /etc/passwd huhifadhi kila akaunti katika mstari wenye sehemu saba, zikiwemo jina, namba ya mtumiaji na saraka yake. Fankisheni ya getpwnam katika lugha ya C hurejesha kielekezi cha hifadhi ya pamoja. Wito unaofuata waweza kufuta jibu la awali, na uzi mmoja wa programu ukasoma rekodi ya mtu mwingine. Getpwnam_r huondoa hatari hiyo kwa kumtaka mwitaji atoe hifadhi yake mwenyewe.

Hata hivyo, ikirejesha sifuri pamoja na kielekezi tupu, mtumiaji hayupo. Ikirejesha msimbo wa ERANGE, hifadhi haikutosha, na mtumiaji huenda yupo. Mwongozo wa Kiswahili utakaotumia “haikupatikana” kwa hali zote mbili utampotosha mwanaprogramu, naye atamfungia mlango mwenye haki ya kuingia. Kwa hiyo, tunapendekeza “hayupo” kwa hali ya kwanza, na “haikusomeka” kwa hali ya pili.