Kibarua na Wajibu wa Kutaarifu Hatari Kazini

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 haimtwiki mwajiri peke yake mzigo wa usalama. Kifungu cha 13 kinamtaka mwajiriwa ajilinde na awalinde wenzake, avae vifaa vya kinga alivyopewa na aripoti ajali. Kifungu cha 14 kinamtaka amwarifu msimamizi wake aonapo hatari kubwa. Akiondoka mahali hapo kwa sababu ya msingi, haruhusiwi kufutwa kazi wala kuadhibiwa.

Ulinzi huo unamfaa mwenye ajira ya kudumu. Wakazi wengi wa Kibera na Kawangware, hata hivyo, hurauka kwenda kutafuta kazi za mjengo au za viwandani wakiwa vibarua. Neno lenyewe linaufichua unyonge wao. Kibarua ni barua katika hali ya udogo, yaani kile kijikaratasi alichopewa mfanyakazi kuthibitisha kazi ya siku. Ikiwa ajira huisha jua linapotua, msimamizi hana haja ya kumfuta anayelalamikia mbao za kupandia zilizolegea. Kesho hatamwita, basi. Nani ataonyesha kuwa hiyo ni adhabu?

Ndiyo maana kunyamaza kwa kibarua hakupaswi kuitwa uzembe kwa haraka. Taarifa inayotolewa na kundi zima ni ngumu kulipizwa kuliko ya mtu mmoja, na penye wafanyakazi wa kawaida 20 au zaidi sheria inadai kamati ya usalama yenye wawakilishi wao. Wawakilishi hao wanaweza kuyasema ya kibarua bila kumtaja.