Maana za Neno la Kiingereza na Ushahidi wa Matumizi

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki, mwanafunzi wa Kiingereza hukabidhiwa msamiati kwa jozi: “run” ni kukimbia, “make” ni kutengeneza, “back” ni mgongo. Jozi hizo si za uongo, na kwa anayeanza zinatosha, lakini humwacha njia panda siku anapokuta kitenzi “run” kikitumika kwa basi linalosafiri kila baada ya saa moja, kwa mama anayeendesha duka, kwa rangi ya khanga iliyochuja na kwa mwanasiasa wa Marekani anayegombea ugavana, ilhali katika habari zote hizo hakuna aliyekimbia hata hatua moja.

Wanaisimu huiita hali hii polisemia, yaani neno moja kubeba maana kadhaa zenye uhusiano, na huitofautisha na homonimia, ambayo ni maneno yasiyohusiana kufanana umbo kwa sadfa tu, kama kaa la moto na kaa wa baharini. Kiingereza kimejaa polisemia, hasa katika vitenzi vyake vifupi vya kila siku. Katika toleo la 3 la kamusi ya Oxford, ambalo bado linaandaliwa, kitenzi “run” peke yake kimeorodheshewa maana 645, idadi ambayo hakuna mwalimu awezaye kuifundisha wala mwanafunzi awezaye kuikariri. Mzungumzaji mzawa naye hakuikariri, bali alizipata maana hizo moja baada ya nyingine kutokana na sentensi alizozisikia na kuzisoma.

Kamusi hiyo yenyewe ilijengwa juu ya msingi huohuo. Chini ya mhariri wake James Murray, wasomaji wa kujitolea walinakili sentensi kutoka vitabuni katika vipande vya karatasi na kuvituma kwa mamilioni. Sehemu ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884 na kazi ikakamilika mwaka 1928, miaka 13 baada ya Murray kufariki. Hata hivyo, lengo lake lilikuwa kueleza historia ya maneno, na kwa sababu hiyo maana kongwe ndiyo hutangulia, kiasi kwamba anayetafuta “nice” hukutana kwanza na maana ya upumbavu, ambayo imekwisha kufa zamani. Kwa mtafiti huo ni utajiri, ila kwa mwanafunzi ni mtego.

Mageuzi yalikuja na kopasi, yaani hazina ya matini halisi iliyokusanywa kwa utaratibu na kuhifadhiwa katika kompyuta. Ile ya Chuo Kikuu cha Brown, nchini Marekani, ilikuwa na maneno takribani milioni 1 kutoka matini zilizochapishwa mwaka 1961. Kopasi ya taifa ya Uingereza, iliyokamilika mwaka 1994, ina maneno milioni 100, na sehemu moja ya kumi ni mazungumzo ya mdomo. Katikati ya hatua hizo mbili, John Sinclair na wenzake katika Chuo Kikuu cha Birmingham waliandaa kamusi ya COBUILD, iliyotoka mwaka 1987, ambayo mifano yake ilichukuliwa kutoka kopasi badala ya kutungwa na wahariri.

Walichokikuta kilipindua mazoea ya darasani. Ilibainika kwamba “make” hutumika zaidi katika kufanya uamuzi, kosa au juhudi kuliko katika kutengeneza kitu kinachoshikika, na kwamba “back” mara nyingi huashiria kurudi wala si kiungo cha mwili. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kulishangaa jambo hilo, kwani kitenzi chake mwenyewe “piga” hupiga simu, pasi, picha, kura, magoti na soga, na mgeni aliyefundishwa kwamba kupiga ni kuchapa atapata kazi kubwa ya kuelewa nani ameumizwa. Vitenzi vya namna hiyo vimepauka maana, na uzito wa kauli huchukuliwa na nomino inayofuata.

Namna ya kuisoma kopasi ni kuiamuru ilete mistari yote yenye neno moja, neno hilo likiwa limepangwa katikati ya ukurasa, ili jicho lishuke wima na kuona yanayolitangulia na yanayolifuata. Sinclair alifanya hivyo kwa “set in”, ambayo kamusi huifasiri kuwa ni kuanza na kuendelea kuwapo, akakuta kwamba vinavyoanza kwa kitenzi hicho karibu vyote ni vibaya: kuoza, maambukizi, kukata tamaa, ufukara, chuki. Fasiri ya kamusi haikuwa na kosa, lakini anayeitegemea peke yake angeweza kuandika kwamba furaha ilianza kwa “set in”, na msomaji Mwingereza angehisi kasoro asiyoweza kuieleza. Wataalamu huiita sifa hiyo prosodia ya kisemantiki, yaani rangi ya wema au ubaya ambayo neno huivuta kutoka kwa maneno linaloandamana nayo. Kitenzi “cause” nacho huandamana na ajali, hasara, vifo na maradhi, kama ambavyo Kiswahili mara nyingi husema ajali imesababisha vifo lakini mradi umeleta maendeleo. Ni kanuni ambayo wengi huifuata bila kufundishwa.

Zoezi lenye faida kwa mwanafunzi, basi, ni kuchukua neno analodhani analijua na kusoma mistari yake 20 au 30 kabla ya kufungua kamusi. Kwa “heavy” ataona mzigo mzito, sawa, lakini pia mvua kubwa, faini kali, mvutaji sigara wa kupindukia na msongamano wa magari, akagundua kwamba pale Kiingereza kinapoona uzito Kiswahili huona ukubwa au ukali. Hapo neno la kujifunza huwa ni “heavy rain” kwa ujumla wake.

Mbinu hii haikukosa wapinzani, na hoja yao ina uzito. Mwanaisimu Henry Widdowson alisisitiza kwamba sentensi iliyong’olewa katika mazungumzo yake hupoteza muktadha ulioipa uhai, kwa hiyo uhalisi wake kwa mzungumzaji wa London hauhamii kwa mwanafunzi asiyejua kisa chenyewe. Kwa mwanafunzi wa Morogoro au Eldoret, kasoro hiyo hupunguzwa na magazeti ya Kiingereza ya nchini mwake, ambayo habari zake amekwisha kuzisikia redioni kwa Kiswahili, hivyo neno geni humfikia likiwa ndani ya tukio asilohitaji kuelezwa. Tahadhari ni moja: Kiingereza cha nyumbani kina mazoea yake, kama vile magazeti ya Kenya yanavyopenda kutumia “vie” kwa kugombea kiti, pale ambapo Mwingereza angesema “stand” na Mmarekani “run”, na ni kwa kulinganisha mistari ya magazeti hayo na ya kopasi za ng’ambo ndipo mwanafunzi anapojua matumizi gani ni ya eneo lake na yapi yatapokewa kokote.